Umbali wa Ndege na Saa za Safari: Jinsi ya Kupiga Hesabu Mwenyewe Kati ya Miji Miwili ya Mbali

Uliza kutoka London hadi Tokyo kwa ndege ni mbali kiasi gani, utaambiwa kilomita 9,590. Mwingine atakwambia saa 12. Wa tatu atakwambia saa 14, na wote watatu hawajakudanganya. Kilomita 9,590 ni umbali, nao haubadiliki. Saa 12 ndivyo safari ilivyokuwa hadi mwanzoni mwa mwaka 2022. Saa 14 au karibu na hapo ndivyo ilivyo tangu wakati huo. Miji yenyewe haijasogea hata shubiri; kilichohama ni njia.

Kwa hiyo hapa kuna hesabu mbili, na makosa mengi hutokea mtu anapozichanganya. Ya umbali unaifanya mara moja inakwisha. Ya muda unaifanya upya kila mara: kwenda peke yake na kurudi peke yake, msimu huu peke yake na msimu ujao peke yake. Tutaanza na umbali. Tafuta kikokotoo chenye sin na cos (simu nyingi huonyesha vitufe hivyo ukiilaza ubavu), karatasi na kalamu.

Hatua ya 1: Taja kiwanja, usitaje mji

Ndege haiendi mjini, inaenda kiwanjani. Tokyo ina Haneda, kilicho karibu na katikati ya jiji, na Narita, kilicho kama kilomita 60 upande wa mashariki. London ina Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton na vinginevyo. Kwenye safari ya kilomita 9,000 tofauti hiyo ni ndogo angani, lakini ardhini inaweza kukugharimu saa nzima na nusu ya barabara au treni.

Kila kiwanja cha abiria kina msimbo wa herufi tatu: Heathrow ni LHR, Haneda ni HND. Andika msimbo, kwa sababu majina ya miji hurudiwa. Sydney ya Australia ni SYD, na ipo Sydney nyingine Kanada yenye msimbo YQY. San Jose ya California ni SJC, na San José ya Costa Rica ni SJO. Herufi moja tu hapo inatenganisha nchi mbili.

Hatua ya 2: Iweke pembeni ramani ya ukutani

Ramani bapa ya dunia ni muongo kwa namna moja mahususi: inauvuta ukanda ulio mbali na ikweta uonekane mpana kuliko ulivyo. Matokeo yake, mstari ulionyooka kwenye ramani si njia fupi.

Mfano unaonipendeza zaidi ni Sydney na Santiago ya Chile. Viwanja vyote viwili viko karibu na nyuzi (digrii) 34 kusini, kwa hiyo ramanini unaona jambo rahisi tu: nenda mashariki moja kwa moja ufuate mstari uleule wa latitudo hadi ufike. Ukipima njia hiyo unapata karibu kilomita 12,770. Njia fupi kweli ni kilomita 11,340, nayo huinama kusini hadi kwenye nyuzi 62, katika bahari inayopakana na Antaktika. Abiria anayechungulia dirishani akaona barafu hudhani wamepotea. Wamekata kona.

Njia hiyo fupi huitwa duara kuu: ni kipande cha duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Kama una tufe la dunia mezani, vuta uzi kutoka mji mmoja hadi mwingine, ukaze. Unapokaa ndipo penye duara kuu. Tufe lenye kipenyo cha sentimita 30 lina mzingo wa sentimita 94 na ushei, unaosimama badala ya kilomita 40,000 hivi, kwa hiyo kila sentimita ya uzi ni takriban kilomita 425. Uzi wa London hadi Tokyo utakuwa wa sentimita 22 na nusu hivi. Kwa njia hii ya kitoto kabisa unapata jibu linalokosea kidogo mno, na ni kinga nzuri dhidi ya makosa ya kikokotoo, ambayo tunakuja nayo sasa hivi.

Hatua ya 3: Chukua latitudo na longitudo

Programu ya ramani kwenye simu itakupa namba mbili ukibonyeza na kushikilia mahali. Heathrow: 51.47 na −0.45. Haneda: 35.55 na 139.78. Ya kwanza ni latitudo, ya pili longitudo. Kaskazini na mashariki ni chanya. Kusini na magharibi zinachukua alama ya kutoa.

Mtego wa kwanza: vitabu vingine huandika nyuzi na dakika, kama 51°28′. Hiyo si 51.28. Dakika 28 zigawe kwa 60 upate 0.47, ndipo uandike 51.47. Ukisahau, kiwanja chako kimehama kilomita 21.

Mtego wa pili nauandika kwa sababu ulininasa. Nilipima London hadi Los Angeles, nikasahau alama ya kutoa kwenye longitudo ya Los Angeles, −118.41. Nilikuwa nimeihamishia mashariki mwa China bila kujua. Jibu likaja kilomita 8,807, na kwa kuwa jibu sahihi ni 8,760, nikaona mambo ni shwari. London iko karibu na longitudo sifuri, kwa hiyo ukienda nyuzi 118 mashariki au 118 magharibi umbali unakaribiana. Kosa lilijificha hadi nilipopima Tokyo hadi Los Angeles kwa namba zilezile, nikapata kilomita 1,960 kuvuka bahari ya Pasifiki yote! Jibu sahihi ni kama kilomita 8,810. Tangu hapo sipigi hesabu bila kuangalia uzi kwenye tufe kwanza.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya umbali

Kanuni ni hii, na si ngumu kama inavyoonekana:

cos(pembe) = sin(lat 1) × sin(lat 2) + cos(lat 1) × cos(lat 2) × cos(tofauti ya longitudo)

Hakikisha kikokotoo kiko kwenye digrii, yaani DEG, kisiwe kwenye RAD. Sasa tuende pole pole na London–Tokyo:

Tofauti ya longitudo: 139.78 − (−0.45) = 140.23
sin 51.47 × sin 35.55 = 0.7823 × 0.5814 = 0.4548
cos 51.47 × cos 35.55 = 0.6229 × 0.8136 = 0.5068
cos 140.23 = −0.7686
0.5068 × (−0.7686) = −0.3895
0.4548 − 0.3895 = 0.0653

Bonyeza cos⁻¹ ya 0.0653: unapata nyuzi 86.26. Kila digrii moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.2. Zidisha: karibu kilomita 9,590.

Tofauti ya longitudo ikizidi 180 usihangaike kuirekebisha. Cos inajua kuzunguka upande wa pili yenyewe.

Ukiwa na miji mingi ya kulinganisha, tumia Excel au lahajedwali yoyote. Bandika hii, ubadilishe namba tu:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(51.47))*SIN(RADIANS(35.55))+COS(RADIANS(51.47))*COS(RADIANS(35.55))*COS(RADIANS(140.23)))

Namba 6371 ni nusu kipenyo cha wastani cha dunia kwa kilomita. Nasema cha wastani kwa kuwa dunia imebonyea kidogo kwenye ncha: kwenye ikweta nusu kipenyo ni kilomita 6,378, kwenye ncha ni 6,357. Kwa sababu hiyo jibu lako linaweza kupotoka kwa nusu asilimia hivi. Katika safari ya London–Tokyo hizo haziwezi kuzidi kilomita 50, sawa na dakika tatu za ndege. Mhandisi atakasirika, msafiri hana haja.

Marubani hawatumii kilomita. Wao husema maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852 kamili. Gawa 9,590 kwa 1.852 upate kama maili 5,180 za baharini. Ukiona tovuti mbili zinatofautiana sana kuhusu umbali mmoja, mara nyingi moja inatumia maili hizi na nyingine maili za kawaida.

Hatua ya 5: Geuza umbali kuwa muda

Ndege kubwa za masafa marefu, kama Boeing 787 na Airbus A350, husafiri kwa Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya kasi ya sauti. Kule juu kwenye baridi ya nyuzi 50 na kitu chini ya sifuri, hiyo ni kama kilomita 900 kwa saa. Ndege ndogo za njia moja ya kupita abiria, kama A320 na Boeing 737, huenda Mach 0.78 hivi, karibu kilomita 830 kwa saa.

Usigawe ukaishia hapo. Ndege haianzi na 900. Inapanda taratibu na kushuka taratibu, na katika nchi nyingi, ikiwa chini ya futi 10,000, hairuhusiwi kuzidi maili 250 za baharini kwa saa, yaani kama kilomita 460. Ongeza nusu saa kwa ajili ya kupanda na kushuka. Kisha ongeza dakika 20 za ardhini: kusukumwa kutoka getini, kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanga foleni, na kutambaa tena baada ya kutua. Muda unaoandikwa kwenye tiketi ni wa geti hadi geti, haukuanza magurudumu yalipoachana na lami.

Njia nayo haifuati duara kuu kikamilifu. Kuna njia za kuingilia na kutokea viwanjani, maeneo ya kijeshi, mawingu ya radi. Ongeza asilimia 4 ya umbali. Ni kadirio langu, na kwa safari ndefu zisizo na kizuizi kikubwa limenitumikia vizuri.

London–Tokyo basi: 9,590 na asilimia 4 yake ni kama 9,975. Gawa kwa 900, unapata saa 11.08. Ongeza nusu saa na dakika 20: takriban saa 11 na dakika 55. Angalizo dogo: 11.08 si saa 11 na dakika 8. Sehemu ya desimali izidishe kwa 60, 0.08 ni dakika 5.

Saa 12 kasoro dakika tano. Ndizo zile saa 12 za zamani nilizozitaja mwanzo.

Hatua ya 6: Weka upepo

Hapa ndipo watu hushangaa kwa nini kwenda na kurudi havilingani. Umbali wa kilomita tisa hadi kumi na mbili juu ya ardhi kuna mkondo wa jeti, mto wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, wenye nguvu zaidi wakati wa baridi. Kasi yake huvuka kilomita 100 kwa saa kwa kawaida, na siku nyingine huzidi 300. Anayekwenda mashariki anasukumwa. Anayekwenda magharibi anapigana na kile mabaharia wanachokiita mbisho.

Chukua New York hadi London, kilomita 5,540, na upepo wa wastani wa kilomita 100 kwa saa. Kwenda mashariki kasi juu ya ardhi inakuwa 1,000: saa 5 na dakika 32. Kurudi inakuwa 800: saa 6 na dakika 56. Ongeza vile viongezeo vya hatua ya tano na utakaribia sana ratiba halisi, ambazo ni kama saa 7 kwenda na karibu 8 kurudi.

Kuna jambo la kutafakari hapo. Watu hudhani upepo hufidia, kwamba unachopoteza ukienda unakirudisha ukirudi. Sivyo. Bila upepo, kwenda na kurudi ni saa 12 na dakika 19. Na upepo, ni saa 12 na dakika 28. Unapotea dakika tisa, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokukwamisha kuliko ule unaokusukuma.

Februari 2020, dhoruba Ciara ilipokuwa ikivuma juu ya Atlantiki, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Kasi yake juu ya ardhi ilizidi kilomita 1,300 kwa saa. Haikuvunja kizuizi cha sauti, maana sauti nayo hupimwa kulingana na hewa inayoizunguka, na hewa yenyewe ilikuwa ikikimbia.

Kwa makadirio ya nyumbani: safari ya mashariki–magharibi iliyo mbali na ikweta, toa au ongeza kilomita 60 hadi 100 kwa saa kwenye kasi. Safari ya kaskazini–kusini, uache upepo.

Hatua ya 7: Uliza kama njia iko wazi

Hesabu ikikupa saa 12 na tiketi ikasema saa 14, usidhani umekosea. Angalia nani anamiliki anga iliyo katikati.

Tangu Februari 2022 anga ya Urusi imefungwa kwa mashirika mengi ya Ulaya, na anga hiyo ndiyo iliyobeba duara kuu la London–Tokyo. Ndege sasa huzunguka kusini, kupitia Kaukasi, Asia ya Kati na China, au huzunguka kaskazini, juu ya Greenland na Alaska. Helsinki iliumia zaidi ya wengi: safari yake ya kwenda Tokyo ilitoka saa tisa na nusu hivi ikawa kama saa 13. Hata hivyo si jambo jipya. Wakati wa Vita Baridi anga hiyohiyo ilikuwa imefungwa, na mwaka 1957 shirika la SAS lilianza kupeleka abiria Tokyo kutoka Copenhagen kwa kupita juu ya Aktiki na kutua Anchorage kujaza mafuta.

Unaweza kugeuza hesabu ikusaidie. Safari ya saa 13 na dakika 45: toa dakika 50 za ardhini, kupanda na kushuka. Zinabaki saa 12.92. Zidisha kwa 900: kama kilomita 11,600. Ina maana kwamba, upepo ukiwa umetulia, ndege imetembea kilomita 2,000 zaidi ya duara kuu. Tofauti kubwa hivyo si foleni ya kiwanjani; ni nchi nzima imezungukwa.

Kizuizi kingine ni injini. Ndege ya injini mbili haipangiwi njia ovyo juu ya bahari tupu: lazima ibaki ndani ya muda fulani, kwa injini moja, kutoka kiwanja inachoweza kutua. Zipo zilizoidhinishwa kwa dakika 180, zipo za dakika 330 na zaidi. Ndiyo maana kwenye njia za kusini kabisa mwa dunia, ndege mbili za aina tofauti zinaweza kupita njia tofauti.

Hatua ya 8: Soma saa za tiketi bila kudanganyika

Saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka. Saa ya kufika ni ya mji unaofika. Mara nyingi huandikwa kwa mfumo wa saa 24. Usizigeuze kuwa saa za Kiswahili kabla hujamaliza hesabu. Nimeona watu wakichanganya hapo wakafika kiwanjani wamechelewa kwa muda wa saa sita nzima, ndege imesharuka.

Geuza kila saa iwe ya UTC kwanza, yaani saa ya kimataifa ambayo saa za nchi zote hupimwa nayo, ndipo utoe. Tuseme tiketi ya wakati wa baridi inasema: unaondoka London 11:00, unafika Tokyo 09:45 kesho yake. London wakati huo ni UTC yenyewe. Tokyo iko mbele kwa saa 9, kwa hiyo 09:45 yake ni 00:45 UTC. Kutoka 11:00 hadi 00:45 ni saa 13 na dakika 45. Ungetoa bila kugeuza ungepata karibu saa 23. Kurudi: unaondoka Tokyo 09:45, unafika London 15:15 siku hiyohiyo. Karatasini ni saa tano na nusu. Kweli ni kutoka 00:45 hadi 15:15 UTC, saa 14 na nusu. Sasa ndipo umwambie anayekupokea: nitatua saa tisa na robo alasiri.

Jihadhari na nchi zinazosogeza saa. Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katika yale majuma machache ambapo upande mmoja umeshabadilisha na mwingine bado, London na New York, zilizozoeleka kuachana kwa saa tano, huachana kwa saa nne. Japani haisogezi kabisa. India iko mbele kwa saa 5 na nusu, na Nepal kwa saa 5 na dakika 45, kwa hiyo usikate nusu ukadhani ni kosa la uchapaji.

Hatua ya 9: Kama kuna kuunganisha ndege

Pima kila kipande peke yake, ujumlishe. London hadi Sydney kwa duara kuu ni kilomita 17,020. Kupitia Singapore ni 10,880 na 6,295, jumla 17,175: umeongeza kilomita 155 tu, maana Singapore iko karibu njiani. Kupitia Los Angeles ni 8,760 na 12,060, jumla 20,820. Hapo umeongeza kilomita 3,800, zaidi ya saa nne za kuruka. Tiketi ya njia ya pili inaweza kuwa na bei nafuu, na sasa unajua unafuu huo unaulipia kwa nini.

Kila kutua kwa ziada kunakula tena zile dakika 50, mbali na muda wa kusubiri. Na maneno «moja kwa moja» yasikutulize: safari inaweza kuwa na namba moja ya ndege tangu mwanzo hadi mwisho na bado ikatua njiani. Uliza kama haitui kabisa.

Ukishakaa kitini, fungua skrini ya safari. Itakuonyesha kasi juu ya ardhi na kilomita zilizobaki. Ikisoma 1,040 na unajua ndege yako huenda 900, upepo unawasukuma kwa kilomita 140. Ikisoma 760, mnapigwa na mbisho. Kilomita zilizobaki zikiwa 2,080 kwa kasi hiyo ya 1,040, kugawa kutakupa saa mbili kamili, lakini ongeza kama robo saa, kwa sababu ile kasi haitadumu hadi chini.